Servisi ya Manowari

Mwaka 1985 nilikuwa namtunza mzee mmoja Mmarekani mweusi kule Oxon Hill, Marekani, kazi niliyotafutiwa na mama mdogo. Kumwogesha, kumpikia, kumsikiliza. Kusikiliza ndiko kulinishinda. Sina subira mimi.

Hadithi yake ilikuwa moja: baba yake alikuwa baharia kwenye manowari kubwa ya zamani, yenye vyuma vinene ubavuni, iliyopigana na Wahispania kule Kuba mwaka 1898. Dada yake mkubwa hakuamini. Kuna picha ya mabaharia wamejipanga juu ya meli, baba hayumo. "Baba alikuwa mpishi wa hoteli, tena mwongo," alisema kila wakikutana. Na Jumapili alikuwa anakuja kula.

"Binti, nenda kwenye ofisi ya nyaraka za jeshi la majini," mzee akaniambia Ijumaa. "Uombe historia ya servisi ya ile meli."

Nikapanda basi, nikapanda treni, nimenuna njia nzima. Kwetu Morogoro servisi ni ya gari: kumwaga oili, kubadilisha plagi. Kwa hiyo nikamwomba baba aliyekuwa kaunta karatasi za matengenezo.

"Matengenezo tu? Vita hutaki?"

"Matengenezo, baba. Nawahi basi."

Kufika nyumbani kwa mama mdogo, akaziangalia zile karatasi, akacheka mpaka akakaa chini. "We mtoto! Kwa Kiingereza servisi ni utumishi jeshini pia! Alitaka ajue meli ilitumika wapi, ilipigana na nani! Umemletea karatasi za gereji!"

Jumapili, dada mtu keshafika, nikampa mzee bahasha. "Samahani, nimekosea."

Akasoma kwa lenzi. Boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, inavuja. Bomba limebadilishwa. Boila tena.

"Kumbe hata meli yenyewe ilikuwa mbovu," dada akacheka.

Ukurasa wa nne kidole cha mzee kikasimama. Wakati wa kuziba bomba, mchochea makaa mmoja ameungua na mvuke, mkono wa kushoto, kiganja mpaka kiwiko. Jina lilikuwa la baba yao.

Dada akamnyang'anya karatasi. Akasoma mara mbili. "Lile kovu la baba," akasema. "Mama alituambia ni mafuta ya jikoni."

"Ndiyo maana kwenye picha hayumo," mzee akasema. "Alikuwa chini, kwenye moto."

Dada akanivutia kiti. "Kaa hapa, binti. Tusomee tangu mwanzo."

Nikasoma zote, boila kwa boila. Basi langu likapita.