Ovaroli ya Tuva

Niseme mwenyewe mapema, kabla hamjasikia kwa Mama Espérance ambaye chumvi yake haipimwi: mwanamke aliyesimama kule mtaa wa Hjulsta, huku ughaibuni kwa Waswidi, akadai mabegi ya watu yafunguliwe ni mimi, na mpaka leo mtu akinitazama mara mbili kwenye treni najiuliza kama naye alikuwepo.

Chanzo ni miguu ya mwanangu Baraka. Ana miaka tisa, anarefuka kama mgomba uliopandwa jalalani, suruali ya theluji niliyomnunulia msimu uliopita ikawa inaishia katikati ya muundi, na mwalimu wao katangaza kwamba darasa zima linakwenda kilimani kuteleza kwenye theluji, mbao za kutelezea wanazoziita ski na kofia ngumu watazikuta hukohuko, ila kila mtoto aje na nguo nzito zisizopitisha maji. Nikaenda dukani, nikageuza kibandiko cha bei, nikakiachia haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. (Na mtoto mwenyewe hamalizi msimu na saizi moja!)

Ndipo akanipigia Mama Espérance, rafiki yangu Mkongo wa Bukavu anayekaa Hjulsta, ambaye kwake "wa" huwa "ba" na njoo ni "kuya".

"Mama Baraka, kuya! Huku kwetu bazazi banabadilishana manguo ya baridi ya batoto. Biko bya bure!"

"Bure ya nani?" nikamuuliza.

"Weye unaogopaka nini? Bure ni bure."

Mimi bure siiamini. Nilivyokata simu tu kichwa kikaanza: labda zina kunguni, labda watatupiga picha tuonekane maskini, au labda nzuri zote waandaaji wameshawafichia marafiki zao na sisi tunaitwa kusindikiza. Hata hivyo Jumamosi nikamkokota Baraka kutoka kwetu Husby, tukaenda.

Tulichokikuta kwenye meza ya ukumbini kikanithibitishia. Glovu za upande mmoja, kofia za watoto wachanga, jaketi zenye zipu zilizong'oka meno. Halafu kule pembeni nikamwona dada mmoja mwembamba ana sanduku kubwa la safari, analifungua kidogo, anachungulia, anafunga. Nikamnong'oneza Mama Espérance (kunong'ona kwangu kwa Kiswahili huwa ni kwa sauti, maana najiambia nani ataelewa): "Muone yule. Kaja na sanduku zima. Nzuri zote zimo mle, nakuapia."

"Acha batu," akasema Mama Espérance, akaenda kutafuta kahawa.

Nikampeleka Baraka msalani, na huko kwenye korido, jamani, nikaona nilichokuwa nakitafuta. Kulikuwa na mstari wa ovaroli zimetundikwa kwenye misumari ya ukutani, nzuri, nzima, zinang'aa, na chini yake viatu vya theluji vimepangwa. Nikajisemea, nilijua! Wameziweka huku tusizione. Ilikuwepo moja ya buluu iliyokuwa kama imekatwa kwa kipimo cha Baraka. Ndani ya kola imeandikwa "Tuva", lakini nguo za mtumba za watoto huku zote zina majina, nikaona nitalifuta kwa kalamu nzito. Magotini ilikuwa mbichi. Nikasema afadhali, angalau wameifua.

"Mamma, nej," Baraka akasema kwa Kiswidi chake, akinivuta mkono. Kwamba hapana, hizo zimetundikwa tu, mama, hazigawiwi.

"Na za mezani je, si zimewekwa tu? Nyamaza. Unataka ukateleze na pajama?"

Ovaroli ikaingia begini. Nikarudi ukumbini kifua mbele, nikapokea kahawa yangu na andazi la mdalasini, nikakaa.

Sijafika nusu ya kikombe, mlango wa pili ukafunguliwa na watoto wakamiminika, kumbe chumba cha jirani kulikuwa na darasa la sarakasi. Nyuma yao kasichana kamevaa soksi na kaptula, kanalia kwa kwikwi. Mwandaaji, mama mmoja mrefu mwenye kizibao cha kuakisi mwanga, akatangaza kwa upole kwamba kuna mtoto haoni ovaroli yake, kama kuna aliyeichukua kwa bahati mbaya tafadhali aangalie.

Sijui ni shetani gani aliniinua. "Bahati mbaya!" nikasema kwa Kiswidi, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa yeye. "Mtoto analia, nje theluji, halafu tunasema bahati mbaya? Huu ni wizi. Mabegi yafunguliwe!"

Yule mama akasema hapana, hapa hawapekui watu. Nikazidi. Nikanyoosha kidole. "Tuanze na lile sanduku."

Yule dada mwembamba akapiga goti, akafungua zipu hadi mwisho. Ndani zilikuwa nguo za mvulana, safi, zimekunjwa vizuri. Alizileta kugawa, alikuwa anasubiri meza ipate nafasi. Akaniinulia macho, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka cha Burundi:

"Nimekusikia tangu ulipoingia, dada. Sasa fungua na lako."

Na mimi, kwa kujiamini kabisa (hapo ndipo nataka mnicheke), nikalifungua, nikaitoa ile ovaroli, nikaikung'uta mbele ya watu ili waone mimi sina siri, nimechukua ya kugawiwa tu kama kila mtu.

"Den är min!" kakapiga kelele kale kasichana. Ni yangu!

Baba yake Tuva alikuwa amesimama nyuma yake; nilitamani anitukane, angalau ningepata pa kushika. Yeye akachuchumaa, akamvalisha mwanawe mguu mmoja baada ya mwingine, akaniambia bila kuinua uso kwamba haina neno. Mama Espérance alikuwa anasoma maandishi ya chini ya kikombe chake. Baraka alishavuta kofia ya jaketi hadi puani.

Nikamwendea yule dada, jina lake Odette. "Dada, nisamehe."

"Bado sijakusamehe," akasema. "Lakini mtoto hana kosa. Simama hapa, mwanangu." Akatoa sandukuni suruali nyeusi na jaketi la kufanana nayo, akampima Baraka mgongoni, zikamkaa, hata urefu ukabaki wa kukunja. Akanikabidhi. Na mkono wangu huu, usio na haya, ukaingia wenyewe mfukoni mwa lile jaketi kukagua kama kuna kitu. Mama Espérance akaupiga kofi.

Baraka akaenda kilimani na wenzake, akaanguka siku nzima, akarudi amelowa hadi masikioni, anacheka. Jioni nilipomfuata, mwalimu akazisifia nguo zake, halafu akaongeza kwamba wenzake wengine waliazima za shule, ziko kabati zima, ukiuliza tu unapewa.

Ukiuliza tu. Kumbe hata siku ile anatangaza alisema, wasio nazo waje wamwone, ila mimi nilidhani ni mtego wa kutaka kujua nani hana. Nimeapa sitarudia, na Odette, ambaye sasa angalau anaitikia salamu yangu, ni shahidi: siku hizi nauliza kwanza, halafu ndipo nashuku.