Jiwe la Mama Darasani

Mpangaji wangu, binti anayefundisha fizikia sekondari ya hapa Nzuguni, alinigongea mlango asubuhi akitaka nimwazime jiwe langu la kusagia. Si lile bapa la chini, ni lile la kushika mkononi. Mama yangu alisagia uwele kwa jiwe hilo maisha yake yote, na alipofariki ndilo pekee aliloniachia.

"We binti, Dodoma yote hii umekosa jiwe?"

"Shikamoo, mama." Adabu anayo. "Jiwe la njiani wanafunzi watasema nimelifanyia ujanja. Hili uzito wake wanaujua, makwao mawe kama haya yapo."

Akaniahidi halitadondoka. Haya, nikajitanda kanga, nikalibeba mwenyewe. Jiwe la mama haliendi popote bila mimi.

Kidato cha pili wakaniamkia, nikapewa kiti cha nyuma. Yule binti, mwembamba hata upepo wa huku unamwonea, akapanda mezani, akalining'iniza jiwe kwenye boriti kwa uzi. Chini ya jiwe akafunga uzi mwingine wa aina ileile. Chini kabisa, sakafu ya saruji. Roho yangu!

Akaushika uzi wa chini, akaukwanyua ghafla. Ukakatika huohuo wa chini, jiwe likabaki linaning'inia.

"Kitu kizito kikitulia hakipendi kusumbuliwa," akasema. "Hiyo ndiyo inesha. Uzi umekatika kabla jiwe halijaanza kusogea."

Jamani! Miaka yote nasagia jiwe lile, sikujua lina tabia. Kidogo nipige vigelegele.

"Na ukivuta polepole, madam?" msichana mmoja akauliza.

"Hapo uzi wa juu unabeba jiwe pamoja na mkono wangu. Unakatika wa juu."

"Tuone!"

Mwalimu akanitupia jicho. "Leo tuishie hapo."

Darasa likaguna. "Kiini macho tu hicho," mmoja akasema, wenzake wakacheka. Angeweza kuwaambia anamzuia bibi pale nyuma na jiwe lake. Hakunitaja. Alisimama akachekwa, ahadi aliyonipa kaishika. Nilimpenda binti yule siku hiyo, na hasira zikanipanda.

"Funga uzi mwingine," nikasema. "Vuta polepole."

"Mama, jiwe lako..."

"Nimesema vuta!"

Nikaikunja kanga yangu, nikaitandika chini. Akavuta taratibu. Uzi wa juu ukakatika. Jiwe likaangukia ukingo wa kanga, likagonga saruji, likapasuka vipande viwili.

Binti akapiga magoti anaokota vipande, machozi yanamtoka. "Nisamehe, mama." Mimi nami, sisemi uongo, uchungu ulinishika kama nimefiwa upya.

"Inuka, mwanangu," nikamwambia. "Jiwe limeshavunjika. Waeleze kwa nini umekatika uzi wa juu."