Goti Langu na Lori la Gihosha

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, niliingia karakana ya Mzee Ramazani nikiwa na furaha tele, nikatoka humo sina baiskeli. Nakumbuka hata mahali jua lilipokuwa limefika ukutani, kwa maana mtu akinyang'anywa kitu anachokipenda hutazama pembeni ili asilie.

Lakini nianze nyuma kidogo, tusije tukaachana njiani.

Miaka ile ya vita nilikuwa kijana wa mbio za baiskeli hapa Bujumbura. Barabara za kwenda mbali hazikuwa salama, kwa hiyo sisi wana mbio tulijizoeza ndani ya mji. Tulitoka Mutanga Nord, nilikokuwa nikikaa na dada yangu Spesioza, tukapanda mlima wa Gihosha, tukashuka, tukapanda tena. Vipuri viliadimika, kwa sababu nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Neno embargo hata wauza nyanya walilijua. Mipira ya breki tuliikata kwenye tairi kuukuu za gari, na kebo iliyokatika tuliifunga fundo, tukaendelea.

Fundo la kebo yangu liliachia nikiwa katikati ya mteremko. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mwenye beseni kichwani. Nilimkwepa yeye, nikaukuta ukingo wa mtaro. Goti la kulia likavunjika.

Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, lakini goti halikukunjika. Nikiketi, mguu ulibaki umetangulia mbele kama mkono wa mtu anayeomba njia. Muuguzi aliniambia nitatembea vizuri. Nilipomuuliza habari za baiskeli, alijibu, "Tembea kwanza." Sikulipenda jibu lile. Mimi nilitaka mashindano ya mji, yale ambayo wana mbio tuliyaandaa wenyewe kila baada ya masika, na ambayo yalimalizikia juu Gihosha. Nilitaka kusimama tena kwenye mstari wa kuanzia. Sikutaka kitu kingine chochote.

Sasa, huenda unaijua desturi ya wabeba ndizi wa mji wetu. Asubuhi hushuka kutoka milimani na mikungu imefungwa nyuma ya baiskeli, kasi kama mvua ya mawe. Wakishauza, hawapandi kwa miguu yao. Husubiri lori linalopanda taratibu, hulishika kwa nyuma kwa mkono mmoja, nalo huwavuta hadi juu. Hiyo ni kazi yao, na ina hatari zake, siwacheki.

Mimi nilifanya kama wao. Nilipanda kwenye baiskeli, mguu wa kulia ukining'inia, nikashika lori la mchanga, na lori likanifikisha Gihosha. Nilipoona ziwa chini yangu, nikahisi nimepona. Nikashuka polepole hadi Buyenzi kumpelekea habari Mzee Ramazani, fundi aliyeitengeneza baiskeli yangu tangu siku niliyoipata.

Mzee Ramazani alikuwa mtu wa maneno machache na kofia iliyopauka kwa mafuta. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye pedali.

"We, jasho hiyo umetoa wapi?"

"Mzee, leo nimepanda Gihosha! Mupaka juu kabisa!"

"Na hiyo mguu?"

"Kulikuwa na lori, Mzee. Nilishika kidogo tu."

Akaweka spana chini. "Basi lori njo ilipanda, si we," akasema. "We ulikuwa muzigo."

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama ninasafirishwa na mchanga au na matofali. Mzee hakucheka. Aliinama, akaifungua cheni ya baiskeli yangu, akaitundika kwenye msumari mrefu ukutani, na baiskeli akaiegemeza chini yake.

"Cheni yako itakaa hapa," akasema. "Siku goti yako itazungusha pedali duara nzima, bila kuinua kiuno, bila kujivuta na mikono, utakuja kuichukua. Mi sitengenezi kinga ya muzigo." Kinga, kwa watu wa mji wetu, ni baiskeli.

"Mzee, mashindano iko karibu."

"Iko karibu kwa nani?"

Wazee walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nilikuwa nimeazima nguvu za injini nikajifunika nazo, na mzee yule aliivuta ile nguo mbele za watu. Niliumia. Lakini njiani kurudi nyumbani, nikichechemea, nilijaribu kutafuta mahali alipokosea, nisipaone.

Kwa hiyo nikaanza kazi. Mimi si mtu wa shule nyingi, mwanangu; ninachokijua nimejifunza kwa kupima na kupima tena. Nilikata kipande cha katoni kikalingana na pembe ya goti langu lilipokunjika hadi mwisho. Kila Jumapili baada ya misa nilikata kingine na kukilinganisha na cha wiki iliyopita. Asubuhi nililikanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto. Mchana niliketi juu ya meza, mfuko wa mchanga umefungwa kwenye kifundo, nikauacha mguu ushuke wenyewe. Nilijifunza pia kuacha mapema. Siku nilizolilazimisha, goti lilivimba, na katoni ya Jumapili ikarudi nyuma.

Spesioza alivumilia mengi. Alikuwa akinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi wa Kajaga, akiziuza sokoni, na jioni alitaka jiko lake. Badala yake alikuta gololi za baiskeli, nilizozileta kutoka karakana nizisafishe, zimelowekwa kwenye mafuta ya taa.

"Kaka, hiyo si sufuria ya maharagwe?"

"Nitaiosha."

"Utaiosha, na sisi tutakula maharagwe yenye kuwaka moto yenyewe, bila kuni!"

Alinicheka, kisha akanisongezea ugali. Kila mgonjwa angepata ndugu wa namna hiyo, wengi wangepona haraka.

Katoni ziliendelea vizuri, halafu zikasimama. Jumapili moja kipande kipya kililingana na cha zamani. Iliyofuata vilevile. Na iliyofuata. Nilivipanga mezani nikavitazama kwa muda mrefu. Goti lilikuwa limefika mwisho wake. Lilikunjika vya kutosha kupanda ngazi, lakini halikutosha kuifuata pedali hadi juu ya duara. Kilichopungua hakikufika hata upana wa kiganja.

Nakuambia kweli, siku ile sikula. Ila kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake nilipokuwa nikikusanya vile vipande nivitupe, nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mapema zaidi: kama goti haliwezi kuifikia pedali, nani amesema pedali haiwezi kuteremka? Ule mkono wa chuma unaoshika pedali, ukiwa mfupi, duara lake linakuwa dogo, na goti halihitaji kukunjika sana. Mkono wa baiskeli ya mtoto ungefaa.

Lakini baiskeli ya mtoto ungeipata wapi katika embargo? Nilimweleza Spesioza ninachotafuta, nikamchorea kwa mkaa sakafuni. Siku kadhaa baadaye alirudi kutoka Kajaga, akaingiza mkono kwenye beseni la ndagala, akatoa kipande cha chuma chenye kutu: mkono wa pedali.

"Wavuvi walikuwa wanaanikia nyavu juu ya kikinga ya mutoto," akasema. "Nimewaambia kaka yangu ana wazimu. Wamenionea huruma."

Nilikipeleka kwa Mzee Ramazani kikiwa bado kinanuka samaki. Alikigeuza, akakinusa, akaniuliza ni cha nini. Nilipomaliza kueleza, akanipa tupa. "Tundu yake ni ndogo. Ongeza. Pole pole, ukizidisha hakuna ingine." Nililisugua tundu lile siku nyingi, nikilijaribisha kwenye ekseli kila mara, mpaka likakaa bila kucheza. Yeye mwenyewe alikipigilia kipini cha kukikaza kwenye ekseli.

Tukaiegemeza baiskeli juu ya mawe, gurudumu la nyuma likawa hewani. Nikapanda. Mafundi wakaacha kazi zao. Nikaisukuma pedali, goti likapanda, likafika mahali pale palipolishinda siku zote, likapita. Nilizungusha duara zima, kisha jingine. Mzee alikitazama kiuno changu, hakutazama uso. Halafu akaitoa cheni msumarini.

Mkono mmoja wa pedali mrefu, mmoja mfupi: baiskeli yangu ilichechemea kama mwenyewe. Siku ya mashindano, Donasiani, bingwa wetu, kijana wa mdomo mrefu, aliizunguka mara mbili.

"E, bwana! Hii kinga na yenyewe ilivunjika goti?"

"Ilivunjika. Itakungojea kule juu."

Haikumngojea, usiniamini sana. Walituacha mapema, mimi na wenzangu wawili dhaifu. Chini ya mlima wa Gihosha nilikuwa peke yangu, mguu wa kushoto ukifanya kazi ya miwili. Hapo ikanifikia kamioneti, lori dogo lililokuwa likibeba maji ya wana mbio, vijana wamekaa nyuma.

"Shika, kaka! Shika tu, hakuna mutu anaona!"

Ubao wa nyuma ulikuwa karibu kiasi kwamba nilihisi joto la moshi wake. Mkono wangu uliachia usukani. Sikuficha wakati ule, na sikufichi sasa: uliachia. Kisha nikaurudisha.

"Apana!" nikawaambia. "Hiyo gari ipande yenyewe. Mi napanda yangu."

Waliniona mpumbavu, wakaenda. Nikabaki na pumzi yangu, na lile duara dogo na lile kubwa. Watu wa Gihosha walikuwa wameanza kurudi majumbani nilipofika. Niliwatangulia wale wawili tu. Waliobaki wote walinitangulia. Mzee Ramazani alikuwa amesimama juu, amepanda mlima wote kwa miguu na kanzu yake ya Ijumaa. Hakunipongeza. Alifungua kiganja changu akaweka msumari, ule mrefu wa ukutani.

"Chukua," akasema. "Karakana yangu haiuhitaji tena."

Ninao hadi leo; nimeutundikia kofia yangu mlangoni.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukivunjika, usiwe na haraka ya kuonekana umepona. Yupo atakayekuvuta hadi juu, na kule juu utaliona ziwa, lakini mlima utabaki unakudai. Pima kiungo chako kwa haki, Jumapili nzuri na Jumapili mbaya. Kinachoweza kunyooka, kinyooshe bila kukilazimisha. Kisichoweza, usikilaani, punguza duara uendelee kuzunguka. Na akikuaibisha mtu anayekutakia mema, chechemea hadi nyumbani, ufikiri, kisha urudi kwake.

Mungu akupe goti linalokutosha, dada atakayekucheka na kukulisha, na fundi atakayeizuia cheni yako hadi uistahili. Na mlima wako, mwanangu, uupande mwenyewe, hata kama utafika watu wakiwa wameshaanza kwenda.