Viti vya Msiba wa Bi Vifungo

Siku hizi ukipita mtaani kwetu utasikia kila mtu anasema Bi Vifungo alikuwa mwenzetu. Waongo wakubwa! Mimi ndiye ninayeshika funguo za stoo ya chama cha mtaa, yenye viti vya plastiki, turubai, majamvi na masufuria ya misibani, na ninajua vizuri nani alikuwa mwenzetu na nani hakuwa. Maneno matamu kila mtu anayo. Ukitaka ukweli, niulize mimi viti vilikwenda kwa nani.

Bi Vifungo alikuwa Mhindi. Duka lake la vifungo, nyuzi, sindano na zipu lilikuwa chini ya ngazi za ghorofa la zamani, dogo kiasi kwamba wateja wawili wanene hawaingii pamoja. Alizaliwa nyuma ya pazia la duka hilohilo, na baba yake kabla yake. Kulikuwa na mlevi mmoja aliyependa kumpigia kelele, "Rudini kwenu!" Naye humjibu bila kuinua macho kwenye sindano, "Kwetu ni hapo nyuma ya pazia, baba. Nipishe basi niende, umeziba njia." Mtaa mzima ulikuwa ukicheka. Lakini sikumsikia hata mmoja akimwambia yule mlevi anyamaze.

Hakuwa malaika, msinielewe hivyo. Alikuwa na mdomo usio na breki. Ukimpelekea shati lililokatika kifungo kwa sababu ya kitambi, atakuambia waziwazi kwamba kosa si la uzi. Na yeye pia alikuwa na wa kumdharau, naye ni Mama Mkaa. Mama Mkaa alikimbia vita ng'ambo ya mpaka na watoto na mume mgonjwa. Ni mrefu, mweusi kutushinda sisi sote, na anauza mkaa pale kwenye kona. Bi Vifungo hakutaka gunia la mkaa liegemee ukuta wake. "Peleka uchafu wako huko!" alimwambia, tena mbele za watu. Ndivyo tulivyo, kila aliyesukumwa anatafuta wa kumsukuma.

Ila kuna jambo moja ambalo sijaliona kwa mwingine. Bi Vifungo hakukosa msiba. Awe tajiri aliyekufa, awe kapuku, yeye atafika mapema, atakaa jamvini, atatoa sindano kwenye pochi na kuanza kushona nguo za wafiwa zilizochanika, maana mtu akifiwa hajijui amevaa nini. Hata turubai la chama, pindo lake lote ni kazi ya mkono wake.

Naye alikuwa na ombi moja tu. Alitueleza mimi na mwanawe, Fundi Saa, ambaye hutengeneza saa kwenye kimeza mlangoni pa duka. "Nikifa, mtaa uje. Msinizike kimyakimya kama mtu aliyekuwa anapita njia." Mwanawe akacheka, "Mama, nani asiyekuja kwako?" Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namjua shemeji yangu.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ndiye mwenyekiti wa chama. Mtu mzima ovyo! Anauza mabati, na kichwani mwake watu wamepangwa kama mabati yake, yanayong'aa mbele dukani, yenye kutu nyuma uani. Dada yangu nampenda, lakini kwa mume, hapo alibahatisha vibaya.

Mume wa Mama Mkaa alipofariki, Shemeji aliniambia nitoe vile viti vilivyopasuka miguu. "Vinatosha," akasema. Kamati ikaenda, haikukaa hata kidogo, ikamuuliza mjane wanaishi wangapi humo chumbani na vitambulisho vyao viko wapi. Mume hajazikwa bado! Bi Vifungo, huyohuyo aliyekataa gunia, alikuwa jamvini anamshonea mjane mkono wa gauni. Akainua kichwa. "Nyie mmekuja kulia au kufanya sensa?" Wakatazamana, wakaondoka.

Kisha akafa mbwa wa Mtaalamu. Mtaalamu ni Mzungu aliyepanga ghorofa ya juu. Mtaalamu wa nini, hakuna anayejua, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana mwaka wa pili na jembe hajaliona hata kwenye picha. Kwenye foleni ya maji watu wanampisha, wengine wanamvuta mkono wenyewe wampeleke mbele, na yeye anasema "hapana, hapana" mpaka anachoka. Basi mbwa wake akagongwa na pikipiki, na Shemeji akaja stoo anahema.

"Shemeji, toa viti vyote! Vile vizima! Na turubai!"

"Nani kafa?"

"Msiba mkubwa. Kwa Mtaalamu."

Haki ya Mungu, tulisimamisha turubai kwa ajili ya mbwa. Shemeji alivaa tai. Akahutubia kwamba marehemu alikuwa mlinzi hodari na mfano kwa vijana wetu. Mama mmoja wa kamati alilia mpaka akashikwa mabega, na paka wake mwenyewe nyumbani anamlaza njaa. Mtaalamu alikaa katikati, uso mwekundu, hajui atazame wapi. Bi Vifungo naye alikuja, maana hakukosa msiba. Akaninong'oneza, "Mwanangu, pole nimpe nani hapa, mwenye mbwa au mwenyekiti?" Nilitoka nje nikacheke vizuri.

Haukupita muda mrefu, Bi Vifungo mwenyewe akafariki. Fundi Saa alikuja stoo asubuhi amevaa viatu visivyofanana.

"Dada," akasema, "mama ametutoka. Nimekuja kuomba viti."

Nilimkumbatia, nikamwambia aende akakae na mama yake, viti vinakuja. Kisha nikaenda dukani kwa Shemeji, kwa sababu kanuni yetu inasema viti havitoki bila neno la mwenyekiti. Nilimkuta anapima bati.

"Ah, maskini bibi wa watu," akasema. "Lakini Shemeji, wale wana taratibu zao. Tusiwaingilie."

"Taratibu gani?"

"Sijui. Wanachoma, wanazika... mambo ya Wahindi nani anayajua?"

"Umeishi naye ukuta kwa ukuta tangu unavaa kaptula, na vifungo vya hiyo kaptula alikushonea yeye! Hujui kama wanachoma au wanazika? Kaburi la baba yake na la baba yako yanatazamana!"

"Usinipandishie sauti."

"Naipandisha! Yule mbwa ulimuuliza taratibu zake?"

Akageuka huku na huku kuona kama kuna mteja aliyesikia. "Yule ni mgeni wetu, lazima tumstahi. Hawa wanajiweza. Wana ndugu zao."

"Ndugu zake ndio sisi! Na turubai lenyewe nani kashona pindo lake?"

"Shemeji, viti havitoki. Basi."

Mnaona mambo hayo? Mzungu anapewa kiti, Mama Mkaa anapewa maswali, Mhindi anapewa visingizio. Hata dharau mtaani kwetu ina madaraja, na kila mtu anayajua bila kufundishwa shule. Anayempigia Mzungu magoti ndiye huyohuyo atakayekuambia sisi hatubagui mtu, tena atakuambia mkono uko kifuani. Mfyuu!

Nilirudi stoo moto unaniwaka. Kanuni nikaipa talaka. Nikafungua mlango, nikaanza kubeba viti, vile vizima.

Pale kwenye kona Mama Mkaa akaniona jasho linanitoka. "Unavipeleka wapi hivyo?"

"Kwa Bi Vifungo. Amefariki."

Akasimama, akajifuta mikono kwenye gauni. Nikamwambia, "Mama, wewe alikutukana. Hulazimiki."

"Alinitukana usoni," akasema. "Hakunitukana kisogoni. Na mume wangu alipokufa, alikuja kumlilia. Lete hivyo." Akajitwika viti vingi kuliko mimi, tukaenda. Turubai tulilifunga sisi wawili na Fundi Saa, kila fundo alilofunga yeye likafunguka, nikawa nalifunga tena.

Viti vikakaa vitupu. Watu walipita barabarani wakasema "poleni" bila kupunguza mwendo, kama wanaosalimia kibanda. Fundi Saa kila akisikia viatu nje anainuka nusu, kisha anakaa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nijifiche. "Watakuja," nikamwambia, na nilijua nadanganya. Akanijibu, "Labda hawajapata habari, Dada." Hawajapata habari! Mtaa ambao mtu akikohoa chumbani wanamjibu wa mtaa wa pili!

Aliyekuja ni Mtaalamu. Bi Vifungo alikuwa akimshonea vifungo na kumtania kwamba nguo za kwao zinashonwa kwa mate. Hakusimama chini ya turubai. Akavua viatu, akaingia ndani, akakaa jamvini karibu na jeneza kama sisi. Siku hiyo nilimheshimu kwa mara ya kwanza.

Lo! Habari zikaruka. Mtaalamu yuko msibani kwa Mhindi! Mara viatu vikaanza kulia nje. Kamati nzima ikaja, yule mama wa machozi mbele, Shemeji na tai yake nyuma anajifunga kifungo cha koti. Fundi Saa alipowaona alisimama, uso ukamkunjuka. Maskini ya Mungu, alidhani ombi la mama yake limejibiwa. Akanyoosha mkono.

Shemeji akampita. Alimpita mfiwa kama anapita nguzo ya umeme, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mtaalamu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

"Pole sana, mgeni wetu. Pole sana kwa msiba."

Mtaalamu akautoa mkono wake. Akamwonyesha Fundi Saa. "Si mimi," akasema. "Yeye. Mama yake."

Na Shemeji, mbele ya jeneza, akaigeukia kamati meno yote nje. "Mnasikia? Anaongea Kiswahili! Safi kabisa!"

Wakapiga makofi. Nimesema wakapiga makofi, msibani, maiti iko pale. Bi Vifungo alizaliwa na Kiswahili mdomoni, akatutukana nacho, akatubembeleza nacho tukifiwa, akakata roho nacho, na hakuna mwanadamu aliyewahi kumpigia makofi hata mara moja. Nilisikia aibu mpaka masikio yakaniuma. Dada yangu alikuwa nyuma ya mumewe, ameinamisha kichwa, na sikumhurumia.

Mkono wa Fundi Saa ulikuwa bado umenyooka. Akauteremsha. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza.

"Mwenyekiti," akasema, "tokeni nje mkapigie makofi huko. Mimi nina mama wa kuzika."

"Kijana, maneno gani hayo tena? Sisi tumekuja kukufariji."

"Nje, tafadhali."

Wakatoka. Lakini hawakwenda makwao, thubutu! Walikaa chini ya turubai, kwenye viti nilivyovibeba mimi na Mama Mkaa, wakamngoja Mtaalamu atoke waongozane naye makaburini. Nikawasikia wanaulizana atapenda kukaa gari gani.

Wakati wa kuondoka ulipofika tukalinyanyua jeneza. Mbele Fundi Saa na Mtaalamu, nyuma mimi na Mama Mkaa, wanawake, na anayeshangaa ashangae. Mlangoni tu, Shemeji akajipenyeza upesi akashika mpini ule wa Mtaalamu, akamsogeza kwa bega taratibu, "Pumzika, mgeni wetu, pumzika," na uso ameshaupanga wa huzuni. Fundi Saa akasimama. Sote tukasimama na mzigo mikononi.

"Toa mkono," akasema.

"Kijana, mimi ni mwenyekiti wa..."

"Toa mkono kwa mama yangu."

Shemeji akaitazama kamati yake imsaidie. Hakuna aliyesogea, wote walikuwa wanamtazama Mtaalamu, wajue yeye anaonaje. Mtaalamu alikuwa anatazama chini. Shemeji akautoa mkono, akarudi nyuma, tai imemwendea begani.

Fundi Saa akageuza kichwa. "Mama," akamwita Mama Mkaa, "pita mbele, ushike hapa."

Mama Mkaa akanitazama kwanza, kama anauliza ni yeye kweli. Kisha akapita mbele ya kamati yote, akashika. Mtaalamu akarudi nyuma, akashika upande wangu, tukaenda kumzika Bi Vifungo.