Mwani wa Ukumbini

Sijapata kudharauliwa na kiumbe chochote kama nilivyodharauliwa na mwani. Sisemi ule wa pwani, ambao una adabu zake na unakaa baharini kwao. Nasema ule uliokuwa ukiota ndani ya nyumba yetu, Mji Mkongwe, kwenye tangi la kioo lililokuwa ukumbini kwa mama. Wa kijani, wenye utelezi na nyuzi ndefu kama nywele zilizonasa kwenye chanuo. Nikiung'oa Ijumaa hii, Ijumaa ya pili umeota tena na umezidi.

Na tangi lenyewe wala halikuwa letu. Lilikuwa la jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, shoga yake mama, ambaye mwanawe alikuwa na wazimu wa samaki. Mwaka wa sitini na nne walipoondoka, walituletea tangi pamoja na pampu yake ya hewa, mawe ya matumbawe na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. "Nakuwekea amana," yule shoga alimwambia mama. "Nikirudi n'talichukua." Amana haikataliwi. Hakurudi, barua haikuja, na kazi ya kusugua ikawa yangu.

Miaka ya mwanzo haikuwa kazi kubwa. Mambo yaliharibika mwaka nilioanza kusomesha Chukwani, nikawa natoka asubuhi na kurudi alasiri. Ghafla mwani ukafunika mawe, ukafunika mpira wa pampu, ukapanda kioo. Nilianza na mswaki, kisha nikaja na kumbi la nazi. Halafu nikafanya kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: nikalisogeza tangi dirishani lipigwe na jua. Kwetu kila kilichoota ukungu huanikwa, godoro, nguo, hata mikeka. Mwani ukashangilia. Wiki haikwisha, samaki siwaoni.

Nikalirudisha ukumbini, nikasema basi tatizo ni maji. Kila nikitoka skuli nikawa nashuka pwani na dumu, nachota maji safi ya bahari, nalifunga nyuma ya baiskeli mpaka mjini. Wanafunzi wangu walinicheka, na walikuwa na haki. Mwani haukupungua hata unyuzi mmoja. Nilikuwa nimekasirika kikweli, hasira ya kukosa usingizi, juu ya kitu kisicho hata na macho ya kunitazama.

Siku moja Darajani, nanunua samaki kwa mzee mmoja wa Tumbatu, nikamwaga malalamiko yangu yote. Alinisikiliza huku anampaa magamba yule changu niliyemnunua.

"Mwalimu," akasema, "mwani hauli upepo. Kwenu kuna mtu anaulisha."

"Hakuna. Samaki nawapa mimi mwenyewe, dagaa kidogo, mara moja kwa siku."

"Basi kamtafute wa pili."

Sikuhitaji kumtafuta. Wiki ileile skuli tulitoka mapema kwa ajili ya mtihani, nikafika nyumbani adhuhuri. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka ubavuni mwa tangi, sahani ya wali mbele yake. Alimega tonge, akala. Akamega jingine, akalipukusa ndani ya maji. "Karibuni," akawaambia samaki.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. N'nakula."

"Na hao?"

"Na wao wanakula. Mie nina sahani, wao wamekuja kwenye kioo wananikodolea macho. N'takulaje mbele yao nisiwakaribishe?"

Nilipandwa na hasira hata nikasahau kuvua buibui. Miezi yote ile ya dumu na mswaki! Na mchele wenyewe ulikuwa wa foleni. Niliusimamia tangu alfajiri, jua likanikuta pale pale. Nikamwambia mama kwamba anatupa riziki na kwamba amerudi utotoni. Mtoto hamwambii mama yake maneno kama hayo. Mimi niliyasema, na nikayasema kwa sauti. Alifuta vidole vyake kimoja kimoja, akaifunika sahani.

Kesho yake nilileta wachukuzi wawili, tangi likapandishwa chumbani kwangu, juu. Mama hapandi ngazi ile kwa ajili ya magoti yake, nami nilijua hilo. Mwezi haukwisha, maji yakawa yanang'aa. Kila jiwe nililiona rangi yake. Nikawa naringa, nikampelekea yule mzee wa Darajani salamu za ushindi.

Kila nikirudi alasiri sahani ya mama ilikuwa bado imefunikwa kawa. "Nshakula," ananiambia. Siku zikapita hivyo, mpaka nilipomwona anajifunga kanga yake, upindo ambao zamani uliishia ubavuni sasa umezunguka mpaka mgongoni. Nikafunua kawa. Wali ulikuwa mzima, haukuguswa.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu, nami sikufurahia hesabu ile. Mama hakuwahi kula peke yake maishani mwake. Alikula na shoga yake kwenye sinia moja. Shoga alipoondoka, alikula na mimi. Kisha mimi nikapata kazi Chukwani, na mwezi uleule mwani ukaota. Hasira zangu zote zilikuwa zimekosa pa kwenda isipokuwa kwangu.

Wachukuzi wakalishusha tangi. Mama alikwenda jikoni, akarudi na sahani, akakaa. Samaki wakaja kwenye kioo. Alikula, nusu sahani kwa hesabu yangu, na tonge moja likaingia majini.

Baada ya wiki mbili mwani ukarudi. Nikachukua mswaki.