Ngazi za Fundi Saa

Mke wangu Nuriat alikuwa akinisomea filamu. Naanza hapo, maana hapo ndipo mtu anaweza kumjua.

Mimi sikusoma. Madrasa ilinipa herufi, na Kiswahili nakisoma polepole, kidole kikiwa juu ya mstari. Kiingereza sikijui. Na filamu ninazozipenda si za bunduki. Ni zile za zamani, nyingi hazina rangi, watu wanaongea lugha za kwao za mbali, na chini ya picha maandishi ya Kiingereza yanapita. Maandishi hayo hayamsubiri mtu. Nuriat aliyakamata yote.

Alizaliwa Busia, upande wetu wa mpaka, wa Uganda. Mama yake aliuza vitambaa pande zote mbili, kwa hiyo Kiswahili alikua nacho. Sekondari alisoma miaka miwili. Akaja Jinja kuolewa na mimi, mtu wa kibanda cha video hapa Walukuba. Baba yake alisema kibanda si kazi. Nuriat akamjibu kwamba ataenda aone mwenyewe kama ni kazi au si kazi.

Kanda za kigeni nilizipata kwa mhandisi mmoja wa bwawa la umeme aliyekuwa akirudi kwao. Nilifuata deki yake ya video, akanipa na sanduku la kanda juu yake, arobaini na moja. Nikafikiri ni za vita. Ya kwanza tuliyoweka, bibi mmoja alianika shuka, akaanua, akaanika tena. Wateja wakapiga kelele, nusu wakatoka. Nuriat alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, za kuuza. Akasema tumwache bibi amalize, kuna jambo linakuja. Kweli lilikuja. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuangalia watu wakipigana mateke.

Jumapili walikuja wanajeshi kutoka kambi ya Kimaka. Wengi wao watu wa kaskazini. Kwenye vibanda vingine watafsiri walisema Kiluganda, na wao Kiluganda kiliwapita. Nuriat akachukua maikrofoni akawatafsiria kwa Kiswahili. Mwanamke kutafsiri filamu, na ana kitambaa kichwani, ilikuwa kichekesho. Walikuja kumcheka. Wiki iliyofuata walikuja kumsikiliza.

Alikuwa na njia yake. Watafsiri wengine hawanyamazi. Picha ikinyamaza wanasalimia wateja, wanatangaza duka la shemeji. Nuriat picha ikinyamaza alinyamaza. Ila mtu kwenye picha akisema neno moja kavu, yeye aliliongezea kidogo. Fundi saa wa filamu moja akisema ameacha ufunguo chini, Nuriat alisema: masikini, ufunguo ameuacha mezani, na mezani ni mbali.

Jambo hili lilimuudhi afande mmoja wa magereza, Lawrence, mtu wa Kitgum aliyekuwa kazini Jinja miaka ile. Yeye Kiingereza anacho. Alikaa mbele kabisa, sikio karibu na spika, atafute sauti ya asili chini ya sauti ya mke wangu. Filamu ikiisha alimfuata. Filamu haikusema hivyo, dada. Nuriat akamuuliza, wewe ulitaka iseme nini? Walibishana namna hiyo miaka na miaka, na kwa kubishana tukawa marafiki.

Kibanda kilikufa watu walipopata simu zenye picha. Lawrence alihamishiwa Mbale, akastaafu huko huko, akajenga chini ya mlima Wanale. Huko ndiko alikoanza kukusanya filamu kwa nguvu: diski, flashi, kompyuta mbili, rafu mpaka darini. Kila Jumamosi ya pili tulikwenda kwake mchana, mimi, Nuriat, na Bogere wa hapa Walukuba ambaye zamani alifanya kazi kiwanda cha nguo. Mke wa Lawrence, Aber, hakuangalia. Alituletea chai na karanga, akafunga pazia, akaenda zake kwenye bustani.

Sheria ya Lawrence ilikuwa moja. Anayeongea filamu ikienda, ataosha vikombe.

Sasa mimi bila Nuriat ningeona nini? Alikaa ubavuni kwangu akinong'ona. Lawrence alimsikia kila mara. Kwa hiyo Nuriat aliosha vikombe miaka saba. Hakulalamika. Alisema ni bora kuosha vikombe vya afande kuliko kurudi Jinja na mume anayeuliza maswali njia nzima.

Filamu tuliyobishania zaidi Lawrence hakuwa nayo, ni ile ya fundi saa tuliyoiona kibandani. Saa ya mnara wa mji imesimama. Mkuu wa mji anamwita fundi mzee, wanagombana kwanza, kisha fundi anapanda ngazi. Anapanda dakika tisa. Hakuna neno, hakuna muziki, viatu tu. Lawrence anasema ngazi ni mia na kumi na mbili. Bogere anasema mia na kumi na nane. Lawrence anasema Bogere anahesabu na kizingiti. Bogere anasema Lawrence alizoea kuhesabu wafungwa, na wafungwa hutoroka.

Nuriat alifariki mwaka juzi. Presha. Alikuwa anakunja nguo.

Baada ya hapo sikuweza kukaa. Watu walidhani ni huzuni ya kulia, mimi sikulia sana. Ni miguu. Nilikaa kitini, nikainuka. Niliweka maji jikoni, nikatoka kabla hayajachemka. Nilitembea mpaka mtoni, nikafika, sikuwa na la kufanya mtoni, nikarudi. Binti yetu Rashidah aliniomba niende nikae kwake Iganga. Nilikwenda siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa Walukuba, ninafungua mlango, ninaufunga.

Ndani ya nyumba kulikuwa na kanda moja yenye sauti yake. Alipokuwa na mimba ya Rashidah hakuweza kusimama kibandani, kwa hiyo alitafsiri akiwa nyumbani, tukarekodi sauti yake juu ya filamu, wateja wasikose. Tulirekodi filamu kumi na mbili. Bati lilipovuja zikaharibika kumi na moja. Ya fundi saa ilibaki, nayo ina kuvu. Sikuweza kulala nyumba moja na kanda ile, wala kuiweka kwenye deki. Wiki ya pili baada ya mazishi nilimpa Lawrence. Nikamwambia aitunze isiharibike. Sikusema zaidi. Mimi si mtu wa kusema zaidi.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja nilitaka kukumbuka namna alivyolitaja jina langu, nikashindwa. Uso niliuona. Sauti haikuja. Nilizunguka nyumba, nikaenda sokoni nikasimama mahali alipoweka meza ya kabalagala kibanda kilipokufa, ambapo sasa mtu anauza chaja. Haikuja. Nikampigia Lawrence. Nikasema nataka kuiona ile kanda. Akafurahi sana. Akasema kazi imeisha wiki hiyo hiyo, alikuwa ananiandalia, nije Jumamosi na Bogere.

Jumamosi nilifika stendi masaa mawili kabla ya Bogere. Ndani ya gari nilibadilisha kiti mara tatu. Bogere akaniuliza kama nina siafu. Nikamwambia anyamaze. Akasema mtu akinyamaza na wewe umenyamaza, dereva atadhani amebeba magunia.

Lawrence alikuwa amevaa shati la pasi. Aber alileta chai, akanishika mkono, akafunga pazia. Picha ikaanza.

Ilikuwa safi. Sijawahi kuiona hivyo. Zamani uso wa fundi ulikuwa kama umepigwa unga, sasa niliona ndevu moja moja. Mkuu wa mji akafungua mdomo, na lugha yake ikatoka wazi, maneno yale ambayo sikuyasikia maisha yangu yote kwa sababu sauti ya mke wangu ilikuwa juu yake. Nikangoja. Fundi akajibu. Nikangoja. Maandishi yakapita chini, meupe, mazuri. Lawrence hakuangalia filamu. Aliniangalia mimi, anatabasamu.

Nikasema, "Nuriat yuko wapi?"

Lawrence akasimamisha picha. Akaeleza. Alieleza kwa haraka, kisha polepole alipoona sielewi, au alipoona naelewa. Kanda ilikuwa na kuvu, na kuvu la kanda moja linaingia kwenye deki, deki inaambukiza kanda zote. Mkusanyaji hawezi kuilaza kanda kama hiyo ndani. Kwa hiyo aliinakili mara moja kwenye kompyuta, kisha akaichoma. Halafu akatafuta nakala safi ya filamu ile kwa wenzake wa Nairobi, akachukua sauti ya asili, akaiweka mahali pa ile iliyochafuka. Miezi minne. Macho yake yaliuma.

"Nilifikiri wewe unataka filamu," akasema.

Bogere akatazama kikombe chake. Nikauliza ile nakala ya kwanza iko wapi, ya kompyuta. Akasema aliifuta baada ya kumaliza, ilikuwa kubwa, nafasi haikutosha. Akasema neno hilo la nafasi halafu akakaa chini.

Nilitoka nje. Nyuma ya nyumba kuna shimo wanalochomea takataka. Nikasimama pale. Kulikuwa na majivu ya majani ya mahindi na kopo la dawa ya mbu. Nilizunguka nyumba, nikarudi shimoni, nikazunguka tena. Aber alikuwa akipalilia vitunguu. Aliniona nikipita mara ya nne. Alisogeza jembe nisijikwae.

Sikumkasirikia Lawrence kama ilivyotakiwa. Alifanya alichokifanya kwa sababu ile ile iliyomkalisha mbele ya spika miaka yote. Na mimi ndiye niliyesema aitunze. Lakini miguu haikutulia. Nilikuwa nafikiria kwenda stendi bila kuaga.

Bogere akaja mlangoni. "Afande anakuita. Kuna ngazi."

Nikasema ngazi nimeziona.

"Anasema ngazi zimetoka kwako."

Niliingia, sikukaa. Lawrence alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, jasho kwenye shati la pasi. Nakala ya Nairobi, akasema, ilikuwa imekatwa. Watu wa televisheni hawana subira, dakika tisa za ngazi walizifanya moja na nusu. Yeye hawezi kuweka fundi saa mwenye ngazi chache. Kwa hiyo zile dakika nyingine alizitoa kwenye kanda yangu, picha na sauti pamoja.

"Lakini kuna kelele pale," akasema. "Hii kelele mimi nilishindwa kutoa. Nikaacha. Nilidhani ni deki. Sasa nimefikiri tena, sijui."

Akaiendesha. Fundi akaanza kupanda, safi, ndevu moja moja. Kisha picha ikabadilika, ikawa na unga ule wa zamani. Viatu. Na chini ya viatu, mbali na maikrofoni, mtu ananong'ona.

Thelathini na saba. Thelathini na nane.

Nilikuwa nimesahau. Aliinyamazia picha kwa wateja, lakini mimi niliyekuwa nimekaa naye chumbani nikirekodi nilimuuliza ngazi ni ngapi, kwa sababu siwezi kuhesabu na kushika waya. Akanihesabia.

Lawrence akapandisha sauti. Hamsini na mbili. Alikohoa kidogo. Hamsini na tatu. Kulikuwa na jogoo wa jirani. Alipofika sitini na moja akavuta pumzi.

"Hamuza, mimi nimechoka, na huyu mtoto ananipiga teke. Malizia wewe."

Kisha viatu tu.

Nikamalizia. Nilihesabu kwa kinywa, nimesimama, mpaka fundi alipofika juu. Idadi ninayo. Bogere na Lawrence waliniangalia wote wawili, sikuwaambia, na mpaka leo sijawaambia.

Lawrence akasema kwa sauti ndogo kwamba wiki hiyo alipata programu mpya ya kompyuta ya kusafisha kelele kama ile. Alikuwa aifanyie kazi Jumatatu.

"Afande, usiguse."

"Siwezi kugusa," akasema.

Picha ilikuwa inaendelea. Juu ya mnara fundi amekaa kati ya njiwa, anawaongelesha. Ni mazungumzo marefu, na maandishi yalianza kupita chini, na mimi nikayatazama yakipita kama magari. Nikajua sasa ndiyo hivi itakavyokuwa. Nikachukua kofia yangu.

Lawrence akakohoa. Alikuwa ametazama mbele, shingo imenyooka kama yuko gwarideni.

"Anasema," akasema, "ufunguo ameacha chini."

Bogere akageuka akamtazama. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Lawrence akifungua mdomo filamu ikienda. Akaendelea. Kiswahili chake ni cha magereza, kila mtu ndani yake anapewa amri. Njiwa waliambiwa wakae mstari. Fundi alisema atashuka mara moja na arudi mara moja.

Nikasema ufunguo uko mezani, na mezani ni mbali.

Maandishi hayakusema hivyo, nilijua, na Lawrence alijua. "Ufunguo iko mezani," akasema. "Mezani ni mbali." Akarudi kwa njiwa.

Nilikaa. Nilimwambia apunguze sauti, hapa si gereza. Alipunguza. Alisoma mpaka mwisho, mpaka yale majina yanayopanda ambayo hakuna mtu anayeyasoma, nayo akayasoma.

Aber alipofungua pazia, vikombe vilikuwa vinne, chake kikiwa kimojawapo. Lawrence alivikusanya yeye mwenyewe. Nilisikia maji bombani, na Bogere akimwambia kutoka mlangoni kwamba hicho cha bluu bado kina majani ya chai.