Birika Sakafuni, Ghorofa ya Sita

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mkoba wala kitambulisho. Sista msimamizi wa zahanati, mama wa Kizulu mfupi na mpole, alinipeleka kwenye chumba cha kunywea chai akaniambia nipige magoti nitambae. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili. Nikatambaa.

"Usiniambie unachokijua," alisema. "Niambie unachokiona."

Niliona waya ukining'inia mezani, chupa ya sabuni nyuma ya mlango, na kidonge cheupe chini ya kabati.

"Anayetambaa ndiye bosi wako," alisema. "Mimi ninasaini karatasi tu."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya mhudumu wa afya ya jamii hapa Durban, mimi mtu wa Kigoma. Tulipita nyumba kwa nyumba kukagua mahali watoto wachanga wanapolala na kucheza. Tulipima kile tulichokiita upeo wa mkono, yaani kila kitu ambacho mtoto anaweza kukifikia. Upeo huo hubadilika upesi. Mwezi huu anabingirika tu, mwezi ujao anatambaa, na kabla mama hajazoea, anashika kiti na kusimama.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa vyumba vya uani karibu na viwanda vya Mobeni. Huko adui yetu alikuwa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa za soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu yakirudi juu huingia mapafuni, mkimbize hospitali. Maneno hayo niliyasema mpaka nikayachoka. Baadaye, kwa sababu ya Kiswahili changu, nikahamishiwa Albert Park, mtaa wa katikati ya jiji wenye wahamiaji wengi wa Kongo.

Huko fleti moja iligawanywa kwa mapazia na mbao, familia nne ndani. Lifti ilikuwa mbovu miaka yote niliyofanya kazi pale. Ghorofa ya sita aliishi Mama Exaucé, msusi kutoka Bukavu, na mumewe na mtoto wa miezi tisa. Birika lao la umeme lilikaa sakafuni, kando ya soketi pekee. Nikamwambia aliweke juu.

"Juu ya nini, Mama Rehema?" aliniuliza bila hasira. "Hapa iko kitanda na sisi tu."

Nikamwambia afanye kila awezalo. Kwenye fomu nikatia alama penye "mama ameelekezwa". Wiki mbili baadaye nilirudi, birika liko palepale, nikasema yaleyale, nikatia alama ya pili.

Safari ya tatu nilisikia kilio nikiwa ngazini. Exaucé alikuwa ameuvuta waya, maji ya moto yakammwagikia kifuani na kwenye mkono wa kushoto. Jirani alishika dawa ya meno, tayari kumpaka. Nilimnyakua mtoto, nikamvua shati, nikamweka chini ya bomba la bafuni, maji yatiririke polepole.

"Mama, mutoto anatetemeka. Mutoe," baba yake alinisihi.

"Bado. Dakika ishirini. Mfunike miguu apate joto."

Zilikuwa dakika ndefu kuliko zote nilizofanya kazi. Kisha tukamfunika kidonda kwa kitambaa safi, jirani akatupeleka hospitali kwa gari lake. Exaucé alilazwa wiki nyingi. Alipona, ila ngozi ya mkono ilijikunja.

Nilimpelekea Sista fomu yangu. Nilitaka aone zile alama mbili. Aliisoma yote.

"Ulimwambia aliweke wapi?" aliuliza.

Akanirudishia fomu.

Tangu siku hiyo nilibeba misumari, kamba na vipande vya mbao. Nilimwomba mlinzi wa jengo atoboe ukuta, nikapigilia vibao vya kuwekea birika, nikafunga madirisha yasifunguke zaidi ya kiganja. Nyumba moja ilichukua asubuhi nzima. Meneja wa eneo akaniita kwa kuwa sifikishi idadi ya nyumba iliyopangwa.

"Hatukukuajiri useremala," alisema.

Sista alinikingia kifua mpaka alipohamishwa. Aliyekuja baada yake alikataza. Nikawa ninafanya Jumamosi, siku yangu ya kupumzika, na hapo ndipo magoti yalipoanza kuniuma.

Nimestaafu sasa, ninakaa Umbilo kwa binti yangu. Sitasema kazi ilinipa furaha nyingi. Ilinichosha. Msichana aliyechukua nafasi yangu kazini alikuja kunisalimu, akauliza, "Bibi, uliokoa watoto wangapi?"

Nikamwambia sijui, na yeye hatajua. Mtoto aliyefika jioni salama hana faili. Mama yake mwenyewe hajui kwamba kuna kitu kilichomkosakosa mwanawe. Wenye majina ni wale tuliowachelewea.

Exaucé anasoma shule sasa. Hata Februari, joto likitutoa jasho, anavaa nguo za mikono mirefu. Tukikutana njiani hunikimbilia. "Jambo, bibi," husema, na kunishika mkono kwa adabu. Nami kila mara huutazama mkono wake wa kushoto kabla ya uso. Nimejaribu kuacha. Sijaweza.